Uji Ulikuwa Safi

Sampuli zilifika Jumanne, kwenye boksi la baridi lililofungwa kwa lakiri, zikiletwa na askari wa upelelezi aliyetoka Ikungi kwa basi la asubuhi. Nilisaini kuzipokea. Fomu ilisema: mtoto wa kike, miaka saba, anashukiwa kulishwa sumu. Ndani mlikuwa na damu, kipande cha ini, vilivyotolewa tumboni, uji uliobaki kwenye kikombe cha plastiki, na gauni. Gauni liliongezwa, askari alisema, kwa sababu mtoto alilitapikia.

"Uji alipika nani?" nilimuuliza, ingawa hilo halikuwa swali langu.

"Bibi yake, mama yake baba. Tunaye kituoni. Hana la kusema, analia tu."

Mimi ni mzaliwa wa Mungaa, huko huko Ikungi. Lakini Ikungi ni wilaya nzima, na kwa miaka niliyokaa maabara nilikuwa nimepokea maini kadhaa kutoka huko bila kumfahamu mwenye ini hata mmoja. Nilibandika namba, nikaweka chupa kwenye friji, nikaenda kula. Watu hudhani sisi wa kazi hii tunakosa hamu ya chakula. Siku ile nilikula wali na maharage, nikamaliza.

Lazima nieleze kidogo kazi yenyewe. Sampuli husagwa, ikachanganywa na kimiminika kinachovuta sumu kutoka kwenye nyama au nguo, ikachujwa mpaka kubaki matone. Tone moja huingizwa kwenye mashine. Joto huligeuza kuwa mvuke, na gesi ya heliamu huusukuma mvuke huo kwenye mrija mwembamba kama unywele, wenye urefu wa mita thelathini, uliozungushwa kama kamba ya kisimani. Vitu vilivyochanganyika huachana humo njiani, kila kimoja kikatoka kwa wakati wake. Kinapotoka hupigwa kwa elektroni kikavunjika, na vipande vyake hupimwa uzito. Kwenye kioo cha kompyuta uzito huo huonekana kama miti iliyosimama, mingine mirefu, mingine mifupi.

Sumu nyingi zinazotufikia zina klorini, na klorini haiwezi kujificha. Chembe zake ni za uzito wa aina mbili: kwa kila tatu nyepesi kuna moja nzito, na zimepishana hatua mbili za uzito. Ndivyo ilivyo kwenye chumvi ya jikoni, ndivyo ilivyo kwenye dawa ya wadudu. Kwa hiyo kipande chenye klorini hakisimami peke yake kwenye kioo. Hatua mbili mbele yake husimama mwenzake, mfupi, theluthi ya urefu wake. Kikiwa na klorini mbili husimama watatu, wakishuka kama watoto wa mama mmoja. Bromini nayo husimama mapacha, karibu sawa kwa sawa. Ukishazoea hakuna haja ya kuhesabu tena. Unatazama tu ukajua, kama mfugaji anavyomjua ng'ombe wake katikati ya kundi la ng'ombe wa watu wengine.

Alhamisi niliingiza uji kwanza, kwa kuwa ndio uliotuhumiwa. Nikakuta mafuta ya uwele, basi. Nikadhani nimekosea kuandaa, nikaandaa tena. Uji ulikuwa safi. Vya tumboni vilikuwa na alama hafifu, ya kutilia shaka. Damu ikaonyesha watatu wale, 267, 269, 271, wakishuka vizuri kabisa. Kisha nikaingiza gauni, na miti ikapanda mpaka ikagonga juu ya kioo. Ilinibidi nizimue sampuli mara mia ndipo nione vilele vyake.

Nilikaa nikitazama. Mtoto hakunywa sumu. Ilimwingia kwa ngozi.

Kompyuta ina orodha ya vitu vingi inavyovijua, na yenyewe ikatoa jina: dawa ya kuogeshea mifugo, ile ya kuua kupe. Lakini jina la kompyuta si ushahidi. Ili niandike jina kwenye ripoti ya mahakama, ilinipasa kuingiza dawa halisi ya kulinganishia, nione kama inatoka kwenye mrija kwa dakika na sekunde zile zile. Chupa yetu ya kulinganishia ilikuwa imepita muda wake. Nyingine ilikuwa imeagizwa nje ya nchi.

Jioni ile ile mama alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huku tuna msiba."

Akaniambia ni kwa majirani, boma la ng'ambo ya njia. Mtoto wao wa kike alianza kutetemeka baada ya chakula cha mchana, akatokwa jasho na povu, akafia zahanati kabla gari halijapatikana. Muuguzi alisema ni sumu. Bibi yake ndiye aliyempa uji.

Nilimuuliza mtoto alikuwa na miaka mingapi, ingawa nilishajua.

Yule bibi nilimfahamu vizuri. Mama alipolazwa Singida mjini wakati wa kumzaa mdogo wangu, mimi nilikaa kwa yule bibi mwezi mzima. Alinifundisha kupepeta. Alinipa uji wa uwele kila asubuhi kwenye kibuyu na kunisimamia mpaka nimalize, maana nilikuwa mtoto mwembamba, na alisema hataki mama yangu arudi akute mifupa.

Kesho yake asubuhi nilimwendea mkuu wangu, nikamweleza.

"Ni ndugu yako?"

"Jirani. Nimekula kwake."

Alifikiri. "Uchambuzi wa kwanza umeshafanyika. Uhakiki ataufanya mwenzako, wewe utakaa pembeni. Na nyumbani usiseme neno. Ukisema leo, mahakamani wakili atakuuliza ulisema kwa ushahidi gani, na kesi nzima itaanguka."

Hakuwa mtu mbaya, na alichosema ndicho kilichoandikwa kwenye kanuni zetu. Nilirudi kwenye meza yangu nikaendelea na sampuli nyingine.

Polisi walimwachia bibi kwa kukosa ushahidi. Alirudi Mungaa kwa miguu kutoka barabarani, siku mbili kabla ya kuanua matanga. Yaliyofuata nilielezwa na mama kwa simu Jumapili.

Wanaume wa ukoo walikwenda nyumbani kwake wakavunja mlango. Wakatoa vyungu vyake vyote, wakavibeba mpaka kwenye mawe makubwa nyuma ya nyumba, wakavipasua kimoja kimoja ili asimpikie tena mtoto wa mtu. Yeye alikimbilia huko huko kwenye mawe, sijui alitaka kuviokoa au alitaka kupita, akateleza akaanguka, na nyonga ikavunjika. Baba wa mtoto, yaani mwanawe wa kumzaa, alisimama akatazama. Baadaye alimbeba kwa mkokoteni mpaka barabarani, binti wa bibi anayekaa Mwankoko akaja kumchukua.

"Na wewe ulikuwa wapi, mama?"

"Nilikuwa uani kwangu."

"Hukusema kitu?"

"Niseme nini? Mimi najua nini?"

"Waambie wasimguse tena yule bibi."

Mama anajua ninafanya kazi wapi. "Kwani unajua kitu?"

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili. "Sijui kitu, mama."

"Basi kama hujui kitu, usiniamuru."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi, nikashuka Singida mjini, nikaenda Mwankoko. Nyumba ya binti yake iko mwisho wa mtaa, mashamba ya alizeti yanapoanzia. Alizeti ilikuwa imeshavunwa na upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi mpaka ndani. Bibi alilazwa sebuleni kwenye godoro chini, kwa sababu kitanda kilimshinda. Hospitali walikuwa wamemfunga bandeji wakasema apelekwe hospitali kubwa zaidi kwa upasuaji, na ndugu walikuwa bado wanajadiliana.

Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia, akataja jina langu la utotoni.

Binti yake alinivuta mpaka jikoni. "Hali chakula," alisema. "Si kwamba hana njaa. Anasema asile cha mtu, na mtu asile chake. Tangu juzi ni maji tu, tena mpaka mimi ninywe kwanza mbele yake."

"Anaogopa sumu?"

"Haogopi. Anatuonyesha inavyokuwa mtu kushukiwa."

Nilirudi nikakaa kando ya godoro. Binti alikuwa amebaki jikoni. Nilimsogelea bibi sikioni, nikavunja kiapo changu cha kazi.

"Bibi, uji wako haukuwa na kitu. Nimeupima mimi mwenyewe."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu pembeni, lakini alikuwa na akili zake zote.

"Hilo mimi nalijua," alisema. "Mimi ndiye niliyeupika. Waambie wao."

Nikamwambia bado siwezi, kuna karatasi inasubiriwa. Aligeuza uso ukutani, hakunisemesha tena. Nilikaa saa nzima. Binti yake alileta chai, nami nikainywa.

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kama ningeweza kushuka Mungaa, nikasimama uani kwa wale watu na kusema nililoliona. Ningeweza. Hakuna aliyenifunga miguu. Nilijipa sababu: kesi, wakili, kazi, watoto wangu wanaosoma kwa mshahara ule. Nyingine, ambayo sikuitamka hata moyoni, ni kwamba niliipenda sifa ya kutosema kitu kisichothibitishwa. Niliijenga kwa miaka. Wenzangu walinitania kwamba hata nikinyeshewa nitasubiri vipimo ndipo niseme ni mvua.

Chupa ya kulinganishia ilifika wiki ya tatu. Mwenzangu aliiandaa, mimi nikasimama nyuma ya kiti chake nikiwa nimefunga mikono. Ile dawa halisi ilitoka kwenye mrija kwa sekunde ile ile iliyotoka ya kwenye gauni. Watatu wakasimama, wakashuka kwa kipimo kile kile. Mwenzangu aligeuka akasema, "Hongera, ulikuwa sahihi." Aliandika ripoti, mkuu akaisaini, ikaondoka Ijumaa.

Bibi alikuwa amezikwa Alhamisi. Alifariki Jumatano asubuhi, pale pale sebuleni, bado hajapelekwa kwenye upasuaji. Alizikwa Mwankoko, si Mungaa. Mimi nililijua hilo Jumapili, mama aliponipigia.

Alianza na habari ya msiba. Kisha akasema mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano jana yake, akasoma karatasi iliyotoka polisi. "Imesema chakula hakikuwa na sumu. Imesema sumu ilikuwa kwenye nguo na mwilini. Halafu kuna jina refu la kizungu, mtendaji mwenyewe limemshinda. Klo, klo nini sijui. Watu wameondoka hawajaelewa. Ni kitu gani hicho?"

Ripoti ilishasomwa hadharani, kwa hiyo sasa niliruhusiwa kusema. "Ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, mama. Ya kupe. Alipakwa mwilini."

Alinijibu kwa Kinyaturu, na mama huniongelea Kinyaturu kwenye simu anapougua tu. Alisema, "Mimi ndiye niliyemwambia."

Mtoto alikuwa na upele. Ulianza kwenye vidole ukaenea mapajani na kiunoni, akawa hapati usingizi. Walimpa dawa ya kupaka zahanati, haikusaidia. Mama yake alikuja kwa mama yangu kuomba ushauri, kama wanawake wadogo wa pale wanavyokuja kwake siku zote. Mama akamwambia anunue mnadani ile dawa ya mifugo inayopimwa kwenye chupa za soda, aweke kifuniko kimoja kwenye ndoo nzima ya maji, amwogeshe.

"Wewe mwenyewe nilikuogesha hivyo hivyo," alisema. "Wewe na mdogo wako. Upele uliisha wiki moja, na mko hai mpaka leo. Kijiji kizima tuliogesha watoto hivyo."

"Mlisuuza?"

"Tulisuuza. Sikumwambia asuuze. Nilidhani anajua."

Kisha akaniuliza, "Kwenye hiyo karatasi nimeandikwa?"

"Hapana, mama. Mashine haijui watu."

"Basi nitakwenda mwenyewe. Lakini uje, mimi sitaweza kueleza."

Nilipata ruhusa ya siku mbili. Tulivuka njia asubuhi, mama ametangulia, amejifunga kitenge cha kwenda kanisani. Mama wa mtoto alikuwa anapura mtama peke yake. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, aliyeolewa kutoka Iguguno. Pale Mungaa aliitwa kwa jina la yule mtoto, Mama Fulani, na tangu mazishi watu walikuwa hawajui wamwiteje, kwa hiyo wengi walikuwa hawamwiti kabisa. Mama yangu alimwita "mwanangu."

Alituletea vigoda. Mama hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa maneno machache: kwamba bibi hakuwa na kosa, kwamba ni ile dawa ya kuogea, na kwamba ushauri ulikuwa wake yeye.

Yule mwanamke alibaki ameshika mti wake wa kupuria. "Ile dawa ni ya ngozi," alisema. "Hakuinywa. Nilimwangalia asiimeze."

Nikamweleza kwamba dawa ile huingia kwa ngozi, na ngozi iliyochunika kwa upele huipitisha haraka zaidi. Nilimuuliza aliweka kiasi gani. Akasema aliweka nusu chupa kwenye beseni, kwa sababu upele ulikuwa sugu. Hakumsuuza ili dawa ikae. Alimvalisha gauni akiwa bado na maji, akampeleka kwa bibi yake akae kivulini, yeye akaenda shambani. Bibi akamwona mtoto ananyong'onyea, akampikia uji.

Aliyasema hayo taratibu, na alipofika kwenye uji akasita. Mpaka hapo nadhani alikuwa anajibu maswali yangu tu. Aliweka ule mti chini. Alitazama nyumba ya bibi, ambayo mlango wake ulikuwa bado umelala mchangani, wala hakulia. Mama yangu ndiye aliyelia.

"Mume wangu nitamwambia nini?" alisema. "Alimwacha mama yake akavunjika."

Baadaye, mama alipokuwa amekaa chini mwishowe na kujifunika uso, yule mwanamke alinigeukia.

"Dada, wewe umesoma mambo haya. Ningerudi mapema nikamwosha kwa maji mengi, angepona?"

Katika mafunzo yetu hilo ndilo la kwanza: vua nguo, osha kwa maji na sabuni, haraka. Mtoto alikaa na gauni lile saa tatu au nne kabla ya kuanza kutetemeka. Angevuliwa na kuoshwa ndani ya saa ya kwanza, nafasi ingekuwepo, tena kubwa. Nilijua hivyo kama ninavyojua uzito wa klorini.

"Hapana," nilimwambia. "Hata ungemwosha."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kitu kwa mikono miwili. Sijui kama aliniamini.

Mumewe hakumpiga, wala hakumfukuza. Aliacha tu kusema naye, na kabla ya mvua za kwanza yeye mwenyewe akafunga nguo zake akarudi kwao Iguguno. Wanaume waliovunja mlango waliurudisha, wakaupigilia bawaba mpya, kwenye nyumba isiyo na mtu. Polisi walitafuta aliyeuza dawa mnadani, lakini mnadani wanaouza ni wengi na chupa zote ni za soda. Jalada likafungwa kama ajali. Kifo cha bibi hakikufunguliwa jalada lolote, kwa kuwa aliteleza mwenyewe.

Mimi bado niko kazini. Siku hizi nikikuta chakula ni safi, humpigia askari siku hiyo hiyo, nikamwambia hilo moja tu, kabla ya kujua sumu yenyewe ni nini. Mkuu wangu anajua na hajawahi kuniuliza. Mara mbili imesaidia. Mara moja askari hakupokea simu.

Mama hashauri watu tena. Wanawake wakija kumuuliza kuhusu mtoto mgonjwa, huwaambia waende zahanati, na wakisema zahanati hakuna dawa, huingia ndani akafunga mlango.